Mjadala: Mafundi wa mtaani wazuiwe kununua betri kuukuu za magari?

Mama wa Kireka
Ndugu zangu, habari za jioni. Nyuma ya nyumba yetu hapa Kireka, pembeni ya Kampala, kuna kijana ananunua betri kuukuu. Anazipasua kwa shoka, maji yake anamwaga mtaroni, jioni anawasha mkaa anayeyusha za ndani kwenye sufuria kuukuu. Moshi unakwaruza koo mpaka kwetu, na watoto wanacheza palepale. Swali: serikali iwapige marufuku hawa wa mtaani, betri zote ziende kwenye viwanda vyenye leseni? Au tutakuwa tumewanyang'anya watu posho yao? Naomba hoja, si matusi.

Dereva wa Taksi
Marufuku, tena jana. Hao wa skrapu ndio haohao wanaotung'olea betri usiku. 2019 nililaza taksi Busia, asubuhi nafungua boneti nakuta nyaya zinaning'inia kama mikia ya panya. Mnunuzi asingekuwepo mwizi angeiba ya nini? Aweke sebuleni?

Fundi Ndeeba
Dereva, chunga mdomo. Niko kwenye betri tangu nina miaka 16, sijaiba hata nati. Gari lako likizimika saa nne usiku unampigia nani, waziri?

Dereva wa Taksi
Sijakutaja jina. Kiatu kikikubana, wewe ndiye unajua kwa nini.

Fundi Ndeeba
Umesema "hao wa skrapu". Mimi ni nani, mchungaji?

Nesi wa Zamu
Tuache wizi kidogo. Kilichomo ndani ya hizo betri ni risasi, na betri ya gari dogo ina kama kilo nane au tisa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ambacho ni salama. Mtoto akiimeza, mwili wake unafyonza mara 4 au 5 zaidi ya wa mtu mzima, na mtoto kila kitu ni mdomoni. Halafu haionekani. Tumbo linamsokota, damu inapungua, shuleni anakuwa mzito wa kushika. Mzazi anamleta, anapewa dawa ya minyoo, wanarudi nyumbani. Kule Senegal, Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Akina mama walikuwa wanachekecha mchanga wa mahali palipovunjiwa betri, watafute vipande vya kuuza. Wengine walichekechea ndani ya nyumba.

Afande Mstaafu
Risasi kwenye damu ya watoto? Nani amewapiga? Mbona redio haijasema?

Mwalimu wa Naguru
Afande, si za bunduki. Ni madini. Yale mazito, laini, ukiyakata kwa kisu yanakatika. Hizo zako za bunduki ndizo zilizochukua jina kwa madini.

Afande Mstaafu
Basi andikeni ledi, tusishtuane usiku.

Mwalimu wa Naguru
Ledi si Kiswahili, afande.

Mjukuu wa Bombo
Haya tena. Tangu baraza la mawaziri likubali mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, kila mtu Kampala ni mwalimu. Sisi Bombo tumekisema tangu kwa babu, hakuna aliyetuuliza cheti.

Mwalimu wa Naguru
Mjukuu, Kiswahili cha Bombo nakiheshimu. Nusu yake ni Kinubi, lugha ya Wanubi wenu, lakini nakiheshimu.

Mjukuu wa Bombo
Na chako nusu yake ni chaki.

Mama wa Kireka
Jamani. Betri.

Fundi Ndeeba
Nesi, mimi naheshimu elimu yako, ila usitutishe. Nimeyeyusha miaka 20 na kitu na nipo. Siri ni maziwa. Ukimaliza kazi unakunywa nusu lita, yanasafisha kifua. Wazee walitufundisha.

Nesi wa Zamu
Kaka yangu, maziwa ni chakula kizuri, kunywa. Lakini hayatoi risasi iliyokwisha kuingia. Mwili unaichukulia kama ile chokaa ya kwenye maziwa hayohayo, unaipeleka kwenye mifupa na inakaa humo miaka na miaka. Hiyo miaka 20 yako hujaisafisha, umeihifadhi. Na si lazima uwe unayeyusha. Unarudi jioni na vumbi kwenye shati, mtoto anakurukia mlangoni. Nani anafua hiyo ovaroli, na anaifua pamoja na nguo za nani?

Fundi Ndeeba
Mke wangu hausiki na mjadala huu.

Nesi wa Zamu
Sikumtaja kwa ubaya. Nenda upime damu, ni hilo tu.

Mfanyabiashara Jinja
Mimi nauza spea, nawasikia wote. Tatizo ni tamaa za watu binafsi. Aliye na leseni afanye, asiye nayo aache. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 ipo, NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, wapo. Kiwanda cha kweli kinavunja betri kwa mashine, tanuri limefunikwa, moshi unapita kwenye vichujio, plastiki ya kasha inaoshwa na kutumika tena. Fundi na sufuria yake atafanya lipi kati ya hayo?

Mwanasheria wa Kilimani
Leseni leseni! Ile kesi ya jirani zetu, Tanzania kama sikosei, si kilikuwa kiwanda?

Dada wa Mombasa (sasa Ntinda)
Si Tanzania, ni kwetu Mombasa. Owino Uhuru. Na ndiyo, kilikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri, na ukuta na geti, kimebanana na nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa humohumo, mtoto wake akaugua akapimwa risasi, ndipo akaanza kupiga kelele. Mahakama 2020 ikasema wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufani ikaipangua, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabuni wenyewe miaka. Kwa hiyo bwana wa Jinja, geti peke yake halichuji moshi.

Mfanyabiashara Jinja
Sikusema geti. Nimesema vichujio.

Dereva wa Taksi
Bado hamjajibu betri yangu.

Fundi Ndeeba
Nitajibu ya Mama, maana yeye aliuliza kwa adabu. Mnadhani tunamwaga maji ya betri kwa kupenda? Yadi inayopeleka kiwandani inanunua kwa kilo. Ukifika na betri imejaa wanakukata, wanasema wao hawanunui maji. Sasa mimi naibeba kwa bodaboda kutoka Ndeeba, inachuruzika, kijana wa boda suruali yake paja zima limekuwa wavu, ananidai suruali. Kwa hiyo nafanya nini? Nailaza ubavu, nafungua vifuniko vyote sita, nasubiri. Inakuwa nyepesi, haichomi mtu, na bei ni ileile. Aliyeweka hiyo bei ndiye aliyemwaga maji kwenye mtaro wa Kireka. Huyo kijana wa Mama ni mkono tu.

Mama wa Kireka
Hili sikulijua. Mimi nilidhani ni uvivu.

Mzee wa Kasese
Mkimwaga muwe mnanyunyizia magadi. Tunayo tele huku Katwe.

Mjukuu wa Bombo
Mzee, Katwe ya huku Kampala haina magadi, ina sufuria na vyuma.

Mzee wa Kasese
Katwe ni yetu, ya ziwa la chumvi. Hiyo yenu mliazima jina.

Nesi wa Zamu
Magadi yanapunguza ukali wa asidi, mzee, ni kweli, na ni bora kuliko kuacha. Ila ile risasi iliyoyeyukia humo na tope la chini ya betri havitoweki, vinabaki kwenye udongo. Mvua ikija ndio hiyo kwenye kisima.

Kijana wa Boda ya Umeme
Mnabishana mambo ya kale. Boda yangu ni ya umeme, betri nabadilisha kituoni kama chupa ya soda. Haina maji, haina risasi. Miaka michache hao wa sufuria watakuwa hawana kazi.

Fundi Ndeeba
Hiyo yako ikifa nayo itakuja kwangu, usijali.

Mfanyabiashara Jinja
Isije! Hiyo ni lithiamu. Ikiingia kwenye tanuri la risasi inalipuka, viwanda vikubwa vyenyewe vinaiogopa. Fundi, ukiletewa usipasue, nakuomba kwa jina la Mungu.

Fundi Ndeeba
Ahsante. Hilo la kwanza la maana umesema leo.

Mfanyabiashara Jinja
Basi nikupe la pili. Mimi dukani mteja akileta kuukuu nampunguzia kwenye mpya, mradi haijapasuliwa na maji yake yamo. Nazipanga kwenye mbao, zimesimama wima, chini nimeweka beseni la plastiki. Lori likija zinaondoka zote. Kama kila duka lingelazimishwa hivyo, na yadi nazo zilazimishwe kulipia betri nzima, sioni haja ya kumfukuza mtu.

Mwanasheria wa Kilimani
Kwa hiyo umehama kutoka "asiye na leseni aache"?

Mfanyabiashara Jinja
Sijahama. Nimesogea.

Mama wa Kireka
Basi labda swali langu lilikuwa baya. Nilipaswa kuuliza nani alipie maji. Lakini leo jioni moshi upo, na mwanangu ana miaka mitatu. Nimwambie nini huyo kijana?

Fundi Ndeeba
Mama, mwambie aache kuyeyusha kabisa, auze nzima. Kile anachoyeyusha anapata vizito vya nyavu za wavuvi tu, faida yake ni ndogo. Nipe namba yake nitampigia mwenyewe, wewe akikuona atadhani unamtisha. Na watoto waondoe pale leo, usingoje simu yangu.

Nesi wa Zamu
Na mchanga wa pale usifagiwe mkavu. Mwagia maji kwanza. Mtoto apimwe.

Mama wa Kireka
Ahsanteni. Namtuma shangazi yake awalete ndani sasa hivi.

Dereva wa Taksi
Na betri yangu je? Watu wote wamejibiwa.

Fundi Ndeeba
Ilikuwa saizi gani?

Dereva wa Taksi
N70. Nilikwangua herufi T kwa msumari upande wa nguzo ya chanya.

Fundi Ndeeba
2019 mwezi gani?

Dereva wa Taksi
Wa nane. Kwa nini unauliza mwezi?

Dereva wa Taksi
Fundi?

Mjukuu wa Bombo
Ameenda kunywa maziwa.