Kwa nini ngano ya Punjab isipandwe wakati wa mvua?

Mdadisi_Shambani:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Kaskazini mwa India mvua kubwa hunyesha Juni hadi Septemba, ila ngano wanapanda Novemba, mvua zikiwa zimekwisha. Maji yote yale wanayaacha yapite?

Suke_Bivu:
Mkuu, hayapiti bure, yanalisha mpunga. Punjab na Haryana shamba hilo hilo lina misimu miwili: kharif, ya mvua, ni ya mpunga, rabi, ya baridi, ni ya ngano, ambayo humwagiliwa kwa mifereji na visima. Ngano ya Julai ingechipuza kidogo, ikawahi kutoa suke, na magonjwa ya majani yangeimaliza.

Lakini usianzie hesabu kwenye kupanda. Anzia Machi urudi nyuma! Wakati huo punje zinajaa; ukiiminya kwa kucha ikatoa ute mweupe kama maziwa, bado haijakomaa. Joto likipanda ghafla hapo, mmea unakomaa kabla ya wakati na punje inasinyaa. Machi 2022 ilikuwa ya joto kuliko Machi zote India tangu kumbukumbu zianze 1901. Mavuno yalipungua, na Mei 13 serikali ikapiga marufuku kuuza ngano nje.

Jembe_Halilali:
Naongezea: tusiichanganye na ngano ya Kansas, kule Marekani. Ile hupandwa Septemba na Oktoba, na bila wiki kadhaa za baridi kali haitoi suke. Ya India haidai baridi hiyo, inataka ubaridi wa kawaida tu.

Mdadisi_Shambani:
Nimewapata. Sasa si wapande mapema Oktoba, walikwepe joto la Machi?

Suke_Bivu:
Mpunga bado uko shambani, ndugu yangu. Sheria ya Punjab ya 2009 ya kulinda maji ya ardhini ilizuia kupandikiza mpunga kabla ya Juni 10, kwa hiyo mavuno nayo yakasogea mbele. Kutoka kuvuna mpunga hadi kupanda ngano zinabaki wiki mbili tatu, ndiyo maana wengi wanachoma mabua na moshi unafika Delhi. Inaniuma mkulima anapolaumiwa kana kwamba ana muda wa kuchezea. Mimi napigia debe mbegu za mpunga zinazokomaa mapema, na ile mashine ya Happy Seeder, inayopanda ngano mabua yakiwa bado shambani.