Kulea waandishi wapya wa nyaraka: kunapandisha cheo au ni kazi ya bure?

BintiTudor

Assalaam aleikum na hamjambo nyote. Naomba ushauri, na tafadhali wanaozijua kazi za ofisi waanze, wa mzaha waje baadaye.

Mimi ni mwandishi wa nyaraka za kiufundi katika kampuni ya hapa Mombasa inayotengeneza programu za mawakala wa forodha na yadi za makontena. Karani wa yadi akitaka kujua vipi aingize kontena mfumoni, au afanye nini mfumo ukiikataa namba yake, anachosoma nimekiandika mimi. Miaka yote nilikuwa peke yangu. Sasa wameajiriwa vijana wawili, mmoja kasomea uanahabari, mwingine kompyuta. Meneja kaniambia, "Washike mkono," na mkutano ukaishia hapo.

Tangu siku hiyo asubuhi zangu zote zinaliwa na rasimu zao. Wa uanahabari ana lugha tamu lakini anazunguka, hatua ya kwanza unaikuta aya ya tatu. Wa kompyuta anaujua mfumo kunishinda, ila anaandika kana kwamba msomaji naye alikuwepo ukiundwa. Juzi kaandika "Bonyeza Futa", halafu mstari wa chini: "Tahadhari: rekodi ikifutwa hairudi." Karani ashafuta zamani!

Mwakani itatangazwa nafasi ya mwandishi mkuu, na watakaoamua wako Nairobi, hawanioni nikifanya kazi. Kila mtu ananiambia kulea wachanga ndiyo ngazi ya kupandia. Mimi naona kinyume, miongozo yangu mwenyewe inachelewa. Niendelee, au niwaachie wajifunze wenyewe nirudi kwenye kazi yangu? Na niseme mapema, sitaki umeneja wa kutia saini fomu za likizo.

KobeWaLikoni

Mimi ni wa mzaha lakini nimekwama kwenye foleni ya feri, kwa hivyo nina muda wa kuwasoma wote. Endeleeni.

SitiMkavu

Dadangu, nitakwambia bila sukari. Meneja akisema "washike mkono" na hakuna palipoandikwa, hiyo ni fadhila, si kazi. Mimi nilimlelea mwajiri mmoja (simtaji) vijana kadhaa, na wakatoka wazuri hasa. Ikaja tathmini ya mwaka. Fomu ilikuwa na kisanduku cha nyaraka zilizokamilika na kingine cha kumaliza kwa wakati, basi. Kulea hakukuwa na kisanduku. Aliyepanda ni jamaa aliyekuwa akijifungia pembeni kavaa vipokea sauti, anatoa miongozo tu, hata salamu ilikuwa kwa msimu.

Na mara nyingi tunaotupiwa ulezi huu ni wanawake, eti "una subira". Subira hailipi kodi ya nyumba Tudor. Usiguse rasimu nyingine mpaka upate barua pepe inayosema hili ni jukumu lako na litahesabiwa.

NahodhaNchiKavu

Siti ana haki ya kuwa na uchungu, lakini njia si kuacha kulea. Njia ni kuutoa ulezi kichwani mwako na kuuweka kwenye karatasi.

Mimi niko upande wa meli, naandika taratibu za usalama. Huko kwetu kuna Kanuni ya ISM, ya usimamizi wa usalama wa meli, ya Shirika la Kimataifa la Bahari. Ilianza kuwa lazima 1998 kwa baadhi ya meli, zikiwemo za abiria na za mafuta, na 2002 kwa meli nyingine za mizigo. Kanuni hiyo inaitaka kampuni iwe na utaratibu wa kumzoeza kila mgeni kazini na majukumu yake. Inataka pia mabadiliko ya nyaraka yapitiwe na kuidhinishwa na mwenye mamlaka, na nyaraka zilizopitwa na wakati ziondolewe upesi. Kumfundisha mgeni si hisani ya baharia mwema, ni sehemu ya mfumo, na mkaguzi akipanda meli atauliza ushahidi.

Nilipopewa wachanga wangu niliiga hivyo hivyo. Kila kosa nililolisahihisha zaidi ya mara moja nililigeuza kanuni ya mstari mmoja kwenye mwongozo wa mtindo, yaani waraka wa kanuni za namna tunavyoandika. Hilo lako la tahadhari ni mfano safi: tahadhari hutangulia kitendo, na itaje madhara kabla ya kitufe. Kwa hiyo mara ya pili sikueleza tena, nilimwonyesha kijana kanuni na namba yake. Baada ya muda mwongozo ule ulianza kutumiwa na ofisi ambazo mimi sizijui, na jina langu lilikuwa juu yake. Waliokuwa mbali wakanijua kwa njia hiyo. Wakubwa wa Nairobi hawataona asubuhi zako, lakini mwongozo wa mtindo wanaweza kuufungua.

MchangaWaMajengo

Niruhusiwe kusema kama mtoto mwenyewe anayelelewa. Mimi ni mwandishi mpya, niko kampuni nyingine, na aliyenipokea alikuwa akinirudishia rasimu nyekundu tupu. Sentensi zimebadilishwa zote, sababu hakuna. Nikawa nakubali kila sahihisho na sijifunzi lolote, na yeye anachoka.

Kilichonisaidia ni pale aliyefuata aliponiwekea maswali badala ya masahihisho. "Nani anasoma hapa? Amekwama wapi kabla hajafika ukurasa huu?" Kisha akanipeleka nikakae na watumiaji. Dada, wapeleke vijana wako yadi, Changamwe au popote mlipo na wateja. Nilimwona karani anatumia simu juani, skrini haionekani, mkono mwingine umeshika karatasi za dereva, na mimi nilikuwa nimemwandikia aya yenye mistari tisa. Sikuhitaji tena kuambiwa niandike kwa ufupi.

ShangaziMhariri

Nimewahi kukaa upande wa mezani wanapopandishwa vyeo waandishi, kwa hiyo nitasema kinachoulizwa humo.

Kwanza hilo la umeneja, lisikutie hofu. Kampuni nyingi za programu zina ngazi mbili: moja ya usimamizi na nyingine ya ubingwa, ambayo unapanda bila kusimamia likizo ya mtu. Lakini hata kwenye ngazi ya ubingwa, ukifika juu hawaulizi tena umeandika kurasa ngapi. Wanauliza kazi ya wengine imekuwa bora kiasi gani kwa sababu upo. Ndiyo maana watu husema kulea kunapandisha. Wanasahau kuongeza kwamba kulea kusikoacha alama hakumpandishi mtu.

Wewe nenda kwa meneja wako na ukurasa mmoja. Omba muda uliotengwa, mathalani asubuhi mbili kwa wiki, na mwafikiane kazi gani yako itapungua. Asipopunguza kitu, ujue anakuomba ufanye kazi mbili kwa mshahara mmoja, na hapo nakubaliana na Siti. Omba iingie kwenye malengo yako ya mwaka. Kisha anza kupima leo, kabla vijana hawajaiva, kwa sababu usipokuwa na hali ya mwanzo huwezi kuonyesha tofauti. Rasimu inarudi mara ngapi kabla ya kukubaliwa? Inachukua muda gani kutoka rasimu hadi kuchapishwa? Watu wa huduma kwa wateja wanapigiwa simu ngapi kuhusu jambo ambalo tayari liko kwenye mwongozo? Kurasa usizihesabu. Kijana wako wa uanahabari atakupa kurasa mpaka uombe msamaha.

Kuhusu vijana wenyewe, wape chombo cha kushika. Kuna kiwango cha Kiingereza chepesi cha watu wa ndege, ASD-STE100: sentensi ya maagizo isizidi maneno 20, ya maelezo isizidi 25, na kila sentensi ya maagizo iwe na agizo moja. Kiliwekwa kwa Kiingereza na si lazima mkifuate chote, ila kwa mtu anayezunguka ni dawa. Kwa Kiswahili mimi hubana zaidi, maana kitenzi chetu kimoja hubeba mzigo wa maneno manne. Na yule wa kompyuta mfundishe kutenganisha aina za kurasa kama unavyofanya mpangilio wa Diátaxis: somo la mwanafunzi, hatua za kufanikisha kazi, marejeo, na maelezo ya kwa nini. Mtu wa mfumo huchanganya yote manne ukurasa mmoja na kuuita kamili.

BintiTudor

Shangazi, wallahi umenitazama ofisini. Ukurasa wetu wa namba za kontena ndio huo huo! Kijana kaeleza kwamba namba ina herufi nne na tarakimu saba, kwamba tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki, halafu akaenda kwenye hesabu yenyewe ya kuipata, na ndani ya hesabu ndimo alimoficha hatua za kuingiza kontena. Karani hahitaji hesabu. Anahitaji kujua kwamba mfumo ukikataa, pengine kakosea tarakimu moja, atazame tena mlangoni mwa kontena. Hesabu iende ukurasa wa marejeo.

Nimemwomba meneja kikao. Swali langu la mwisho: je, wakiiva hawa wawili, na mmoja akawa bora kuniliko, si ndiye atakayepewa hiyo nafasi?

SitiMkavu

Hilo ndilo swali nililongoja uulize. Ndiyo, inaweza. Iliwahi kutokea mbele ya macho yangu.

NahodhaNchiKavu

Inaweza, lakini si mara nyingi kama watu wanavyoogopa. Aliyeingia jana ana miongozo aliyoiandika. Wewe una miongozo, una mwongozo wa mtindo, na una watu wawili wanaofanya kazi kwa namna uliyoiweka. Tena mwenye ofisi yenye mwandishi mmoja tu huogopa kumhamisha, nani atabaki na kazi? Umekaa hapo ulipo miaka yote hiyo kwa sababu hiyo pia, sidhani kama umeifikiria. Ukiwa na wa kukurithi unahamishika.

SitiMkavu

Haya, hilo la mrithi nakupa. La barua pepe sirudi nyuma.

ShangaziMhariri

Wala usirudi. Binti, baada ya kikao muandikie meneja siku hiyo hiyo: "Kama tulivyokubaliana…" na utaje muda, malengo na kazi iliyopunguzwa. Na kwenye tathmini usiandike "niliwasaidia waandishi wapya." Sentensi hiyo kila mtu anaiandika, hata wa vipokea sauti. Andika wanachokifanya sasa bila wewe: nani anamiliki miongozo ya yadi, nani anapitia kazi ya mwenzake, rasimu zilikuwa zikirudi mara ngapi na sasa mara ngapi. Ukimaliza ilete hapa tuipitie kabla haijaenda Nairobi.

KobeWaLikoni

Nimevuka. Na mimi nina mwanafunzi wa atachimenti (mafunzo kazini) ofisini, kesho nampeleka kwa wateja.