Sungura wangu anachagua chakula, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Nina sungura jike wa miezi 8, namfuga ndani hapa Arusha. Karoti na ndizi anazifukuzia, lakini nyasi kavu ananusa tu na kuzipa mgongo. Najua nyasi ndizo chakula chake kikuu, maana meno ya sungura hayaachi kukua na hupunguzwa kwa kutafuna, na sukari ya matunda humvuruga tumbo. Juzi kinyesi kilikuwa laini, niliogopa sana. Nimechanganya nyasi na giligilani, akachambua giligilani yote akaacha nyasi! Waliofanikiwa kumzoesha, mlianzaje? Karoti nizipunguze kidogo kidogo au nikate mara moja? Naogopa asije akasusa kabisa, sungura kushinda bila kula ni hatari.