Kafungua kwa kidole gumba, kakung'uta majivu, halafu AKAFUNIKA!!!

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Simtaji jina. Wana wa Köln na Düsseldorf mnamjua, yule wa koti la ngozi kiangazi na baridi, anayekuja kwenye shughuli na makopo matupu ya plastiki anaondoka nayo yamejaa.

Jana kaja kwangu kuangalia mpira. Kabatini nina vikombe vya bia vya kale kumi na vinne (Wajerumani wenyewe huviita Krug, hiyo "stein" ni ya Wamarekani). Vipo vya kijivu na bluu vya Westerwald, vile vinavyorushiwa chumvi tanuruni vikang'aa. Vipo viwili vya Mettlach, mji wa Ujerumani unaosifika kwa vikombe hivi, nilikula mihogo mwezi mzima kuvinunua. Na kipo kile cha ukumbusho cha askari wa miguu wa Bavaria aliyetumikia jeshi 1906 hadi 1908: jina lake, kikosi chake, pembeni majina ya wenzake, kifuniko cha bati, na simba mdogo pale pa kubonyezea kidole. Hicho hata mke wangu haruhusiwi kukifuta vumbi.

Nimeingia jikoni kugeuza mishkaki. Dakika mbili! Narudi namkuta kakishika, kambonyeza simba taratibu, kwa adabu, kama kazaliwa Munich. Kifuniko kikainuka. Akakung'uta majivu ya sigara. AKAFUNIKA.

Angeacha wazi ningesema kapitiwa. Kafunika, wakuu! Maana yake alijua kabisa kile kifuniko kina kazi. Nimesimama na koleo la mishkaki, mafuta yanadondokea zulia, yeye ananiambia, "Kaka, hiki kisahani chako cha majivu kimetulia, hakitoi harufu." Kimetulia! Vita viwili vya dunia vimepita hakuna aliyetia majivu mle, aje yeye, kipindi cha pili hata hakijaanza! Na akafunika!

Kisiki: Picha iko wapi? Uzi bila picha ni umbea.

Mtoa mada: Nimekesha nakiosha kwa pamba, picha ya nini? Tena kitako chenyewe kina picha ndani ya kauri, ukikielekeza kwenye taa unaiona.

Babu_Krug: Picha ya nini hiyo?

Mtoa mada: Mwanamke kajilaza. Hana nguo.

Babu_Krug: Pole mkuu. Vya askari vya kweli kitakoni utakuta mambo kama askari anaagana na mpenzi wake. Ukiona mwanamke uchi, hiyo ni nakala ya baada ya Vita ya Pili, zikiuzwa kwa watalii na kwa wanajeshi wa Kimarekani. Ulipigwa shilingi ngapi?

Kisiki: Hahahaaa kumbe jamaa aliona kitako kwanza!

Mtoa mada: Nakala au si nakala, ALIFUNIKA.

baba_wawili: Wewe umekung'utiwa tu, unaosha yanaisha. Mimi nilikuwa na kiko cha meerschaum, lile jiwe jeupe la Eskişehir, Uturuki. Nimekivuta miaka tisa mpaka kikaanza kushika rangi ya asali, na hiyo rangi ndiyo mali yenyewe. Mama mkwe kaja toka Tanga kututembelea, kakikamata kwa stilwaya na sabuni ya unga, kimekuwa cheupe kama jino la mtoto. Kanikabidhi kwa mikono miwili: "Mwanangu, kilikuwa kinatutia aibu." Nikasema ahsante mama. Ningesema nini?

Babu_Krug: Huo ni msiba. Wa mtoa mada ni ajali.

Mtoa mada: Ajali?? Mtu anafunika kwa bahati mbaya?

Mpishi_wa_Essen: Huyu wa koti la ngozi si ndiye mwenye sufuria yangu ya pilau tangu Idi? Kila nikimpigia yuko kwenye treni.

Kisiki: Ile yenye sikio moja? Niliiona kwake kibarazani. Kapanda mchicha.

Mpishi_wa_Essen: MCHICHA? Usiniambie katoboa kitako.

Kisiki: Lazima atoboe, maji yatatokea wapi?

Mpishi_wa_Essen: Sufuria ile nimeibeba kwenye ndege toka Dar, nimeijaza nguo ndani!

Mtoa mada: Jamani, tumalize kwanza langu.

baba_wawili: Subiri kidogo mkuu. Mpishi, ilikuwa sufuria namba ngapi?