Mrejesho: Koralini imeshika, ila si kila mahali

Wadau, asanteni. Niliuliza kwa nini mawe ya tangi langu la maji chumvi, lita 200, yanabaki meupe pee na mwani wa koralini (mwani mgumu wa rangi ya waridi unaojengwa kwa kalsiamu na kufunika mawe) haushiki.

Aliyesema nianze na magnesiamu alilenga penyewe: ilikuwa miligramu 1,120 kwa lita. Ikiwa chini hivyo, kalsiamu na alkalini (kaboneti zilizomo majini) hushikana na kuganda kama chokaa badala ya kubaki majini. Nimeipandisha taratibu hadi 1,300, ndipo kalsiamu ikatulia 420 na alkalini dKH 8.5 (dKH ni kipimo chake). Kwa lita 200, gramu 15 za kloridi ya kalsiamu ya vipande hupandisha kalsiamu kama miligramu 20 kwa lita. Gramu 6 za bekingi soda hupandisha dKH 1. Yeyusha kila moja kivyake kwa maji ya RO (yaliyosafishwa kwa kichujio cha utando), moja asubuhi, nyingine jioni. Ukizimimina pamoja, maji yanageuka maziwa.

Mbegu ya koralini ni magamba yaliyokwanguliwa kwenye kioo cha tangi la mwenzetu wa South B, Nairobi, yakamwagwa mbele ya pampu ya mzunguko huku skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) imezimwa na soksi ya chujio imetolewa. Vidoa vya waridi, kama kichwa cha pini, vilitokea kwanza kivulini chini ya mawe. Kwenye kioo cha nyuma sasa imeenea.

Mawe ya juu yamegoma. Taa ni kali pale na fosfeti, chakula cha mwani, ni miligramu 0.15 kwa lita, kwa hiyo mwani wa kijani unawahi nafasi. Nimepunguza taa na kuweka chembe za oksidi ya chuma zinazonasa fosfeti, nikilenga 0.05. Chupa ya bakteria ya dukani haikubadilisha kitu, okoeni pesa.