MJADALA: Wabunge wa jimbo la Minnesota wanaoondoka, je, tuwawekee ukomo?

Mkaazi wa Brooklyn Park
Ndugu zangu, Novemba 2026 Minnesota inachagua bunge lote la jimbo kwa mpigo: viti 134 vya Baraza la Wawakilishi na 67 vya Seneti. Kuna wabunge kadhaa ambao hawarudi, na Spika Lisa Demuth mwenyewe anaacha kiti akautafute ugavana. Swali langu: kwa nini tungoje mtu achoke mwenyewe? Hapa kwetu wilaya ya uchaguzi 38A, Michael Nelson alikikalia kiti tangu 2003. Aliposema hagombei tena 2024 ndipo Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, akapata pa kupitia. Wabunge wa Minnesota hawana ukomo wa mihula. Mimi nasema uwekwe, miaka 12 inatosha.

Fundi wa Lansing
Sisi Michigan huo ukomo tumeuonja. Wananchi waliupitisha kwa kura 1992: miaka 6 Baraza la Wawakilishi, miaka 8 Seneti, ukimaliza hurudi tena maishani. Ikawa spika anashika rungu kabla hajaielewa bajeti vizuri, na wanaoielewa ni mawakala wa makampuni, ambao wao hakuna anayewawekea ukomo. 2022 tukaulegeza wenyewe, sasa ni miaka 12 kwa jumla, ukitaka uimalize yote kwenye baraza moja. Marehemu Melissa Hortman wenu aliingia bungeni 2005. Kwa sheria yetu ya zamani angekuwa nje kufikia Januari 2011, na uspika aliupata 2019. Sheria ya 2023 ya chakula cha bure shuleni angeisimamia nani? Nijibuni hilo.

Mwana Nakuru
Mbona kelele zote hizi? Bunge la jimbo ni bunge la kaunti tu. Hao ni MCA wa Marekani, yaani kama wajumbe wa bunge la kaunti wa huku Kenya. Huku wodi ziko 1,450 na hatukeshi tukimjadili kila MCA anayestaafu.

Mama Wawili
Ati MCA! Wewe Nakuru, MCA wako anatunga sheria ya jinai? Leseni ya udereva kwa watu wasio na makaratasi ilipitishwa na hao unaowadharau, ikaanza kutumika Oktoba 1, 2023. Kuna baba hapa mtaani alikuwa anaamka saa tisa usiku apande basi mbili aende kazini, leo anaendesha gari akiwa na leseni yake mfukoni. Likizo ya uzazi yenye malipo imeanza Januari 2026, hiyo nayo ni kazi yao. Washington haikutupa hata moja kati ya hizo. Usiseme jambo usilolijua.

Mwana Nakuru
Ninalijua, mama. MCA anapitisha bajeti ya kaunti na anaweza kuanzisha safari ya kumng'oa gavana, waulize watu wa Meru mwaka 2024. Baraza lenu la Wawakilishi Januari 2025 lilishindwa hata kukutana. Nusu ya wabunge walibaki nyumbani. Au nimedanganya?

Mkaazi wa Brooklyn Park
Hukudanganya ila umeikata nusu. Uchaguzi wa 2024 ulitoka sare, 67 kwa 67. Kisha mahakama ikasema Curtis Johnson aliyeshinda 40B hakuwa mkaazi wa pale, kiti kikabaki wazi, Republican wakawa 67 kwa 66. DFL, yaani chama cha Democratic cha hapa Minnesota, wakakataa kuingia ukumbini, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba akidi, idadi ya chini ya kufanya kikao, ni wabunge 68. Walielewana mwanzoni mwa Februari. Lakini ndugu, mada ni ukomo.

Kijana wa Eden Prairie
Mada yoyote iwayo, mimi sikumchagua mtu akae nyumbani wiki tatu huku analipwa. Ningefanya hivyo ghalani ninakofanya kazi, siku ya pili ningekuwa nimeshafukuzwa.

Mama Wawili
Wangeingia wafanye nini, wakabidhi uspika kwa sababu ya kiti kimoja kilichokuwa kinangoja uchaguzi mdogo? Na Brad Tabke wa Shakopee je? Alishinda kwa tofauti isiyofika kura 20, zikapotea kura 20 za waliopiga mapema, na kulikuwa na kila dalili kwamba wenye wingi wangemnyima kiti chake. Wewe ungewaachia mlango wazi?

Kijana wa Eden Prairie
Ningeingia nikapige kura yangu. Ndiyo kazi niliyotumwa.

Dada wa Lewiston
Habari za usiku kutoka Maine. Sisi tuna ukomo tangu miaka ya 90, mihula minne mfululizo ya miaka miwili. Kinachotokea ni kwamba mtu akimaliza Baraza la Wawakilishi anagombea Seneti, wa Seneti anateremka Baraza, akikaa muhula mmoja nje anarudi alikotoka. Wakongomani na Wasomali wa hapa Lewiston hawakusaidiwa na ukomo kama walivyosaidiwa na kupata uraia na kujitokeza mchujo wa Juni, pale vyama vinapochagua wagombea wao. Huo ndio ushuhuda wangu.

Kijana wa Eden Prairie
Fundi amemtaja Hortman kama sababu ya kuwaacha wakongwe wakae. Basi tumalize habari. Juni 2025 watu wazima wasio na makaratasi walitolewa MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo, kura 68 kwa 65, na Mdemokrati pekee wa Baraza aliyeunga mkono alikuwa yeye. Huo ndio ukongwe mnaousifu?

Mama Wawili
Futa hayo. Alipiga kura ile ili bajeti ipite na serikali isifungwe, akaizungumzia kwa machozi. Siku chache baadaye, Juni 14, yeye na mumewe Mark wakauawa ndani ya nyumba yao, mjini kwetu hapa. Mimi nilikwenda kuweka maua. Futa.

Kijana wa Eden Prairie
Sifuti. Nililia msiba ule kama wewe na aliyefanya unyama ule sina neno jema juu yake. Lakini waliokatiwa bima mwisho wa 2025 ni majirani zetu, tunasali nao, na wao wana haki ya kutajwa. Kiongozi akifa hesabu ya kura zake haifi.

Fundi wa Lansing
Kijana, naheshimu uchungu wako. Ila mimi niliuliza nani angekuwa na uzoefu wa kuendesha baraza lenye wingi mwembamba vile. Hakuna aliyegusa.

Mwana Nakuru
Mimi naondoa neno MCA kama ndilo limeumiza. Mama, pole kwa msiba.

Mama Wawili
Asante. Limekwisha.

Mkaazi wa Brooklyn Park
Nirudi nilipoanzia. 38A ni ngome ya DFL. Anayeshinda mchujo wa Agosti ameshashinda, na mchujo huo watu wengi hawana habari nao. Ndiyo maana kiti kikiwa na mwenyewe ni vigumu mno kumtoa. Fundi, naona hoja ya uzoefu, lakini miaka 22 ya Nelson na miaka 6 ya kwenu si chaguo pekee. Ndiyo maana nimesema 12.

Mgeni Robbinsdale
Samahani wakubwa, shikamooni. Nimekula kiapo cha uraia majuzi. Nikitaka kupiga huo mchujo wa Agosti, ninajiandikisha wapi na mwisho ni lini?

Mama Wawili
Marahaba mwanangu, na hongera. Minnesota unajiandikisha hata siku hiyohiyo kituoni. Beba leseni au kitambulisho chenye anwani yako ya sasa. Kama anwani ni ya zamani, ongeza bili ya umeme au mkataba wa nyumba. Ukikosa vyote, jirani aliyejiandikisha katika kituo hichohicho anaweza kukutolea kiapo. Na kwenye mchujo ukianza safu ya chama kimoja, malizia safu hiyohiyo, ukichanganya vyama kura inaharibika.