MREJESHO: Printa za ghorofani zimerudi, tatizo lilikuwa VLAN asilia

Wakuu, nashukuru sana. Kwa waliokosa swali langu: swichi mbili za Cisco, tranki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile) katikati, VLAN 10 inapita vizuri lakini printa za VLAN 1 hazionekani ghorofani, na kila dakika CDP (itifaki ya vifaa vya Cisco kutambulishana) inaleta onyo la NATIVE_VLAN_MISMATCH, yaani VLAN asilia za pande mbili hazilingani.

Aliyeniambia nikague pande zote mbili alikuwa sahihi. Amri ya show interfaces trunk ilionyesha VLAN asilia ya swichi ya chini ni 99, ya juu bado 1, ile inayokuja na swichi. Fremu (vifurushi vya data) za VLAN asilia husafiri kwenye tranki bila tagi, yaani alama ya namba ya VLAN, kwa hiyo swichi inayopokea huziingiza kwenye VLAN asilia yake yenyewe. Spaning-trii (itifaki inayozuia mizunguko kwenye mtandao) ikagundua kutolingana huko, ikazifunga VLAN 1 na 99 kwenye tranki. VLAN 10 ina tagi, haikuguswa, na ndiyo maana ping zake (majaribio ya mawasiliano), zilizokuwa zinajibu vizuri, zilinipoteza siku mbili nzima!

Nilipanda na kebo ya konsoli, inayounganisha kompyuta moja kwa moja na swichi (msifanye kwa mbali, mnaweza kujifungia nje), nikaandika switchport trunk native vlan 99 kwenye bandari ya tranki. Ujumbe umekoma. Wikendi hii printa nazihamishia VLAN 30. Kuziacha VLAN 1 sipendi kabisa.